Dawa ya kutawanya mafuta baharini: mafuta yanakwenda wapi?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa pwani, katika kijiji kimoja kaskazini mwa Tanga. Tuna wavuvi wa madema na jarife, na kina mama wanaolima mwani. Kwenye kikao cha maandalizi ya dharura tuliambiwa kwamba meli ikimwaga mafuta, ndege itapulizia dawa na mafuta yataisha kabla ya kufika pwani. Mzee wetu mmoja akauliza yanaishia wapi, hakujibiwa. Tueleze: dawa hiyo inafanya nini hasa? Ni sumu kwa samaki? Tukiombwa maoni, tukubali au tukatae? Halafu vijana wetu, petroli au dizeli ikimwagika kando ya boti, humwagia sabuni ya unga. Ni sawa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu katibu. Mzee wenu kagusa penyewe, na aliyeongoza kikao alipaswa kumjibu. Mafuta hayaishi. Yanatoka juu ya maji na kuingia ndani ya maji. Faida na hasara zote za dawa hii zinatokana na kuhama huko, kwa hiyo anayewaambia kwamba mafuta "yanaisha" amewapa nusu ya habari.

Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa viungo vya jamii ya sabuni pamoja na kiyeyushi kinachovisaidia kupenya ndani ya mafuta. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inashika mafuta na nyingine inashika maji. Ikikaa mpakani, mafuta hulegea na kukatikakatika, kama sufuria iliyopikiwa pilau inavyoachia mafuta ikitiwa sabuni. Baharini msuguaji ni wimbi. Bahari ikiwa shwari kabisa, dawa hukaa tu juu ya utando bila kazi. Likiwepo wimbi la kutosha, utando huvunjika kuwa matone madogo sana. Tone lisilozidi mikroni 70 hivi, ambao ni unene wa unywele, hupanda polepole mno, na msukosuko wa maji haulipi nafasi ya kurudi juu. Linabaki linachukuliwa na mkondo. Na kwa kuwa mafuta yaleyale yakigawanywa katika matone mengi yanakuwa na uso mpana zaidi, bakteria wa baharini wanaokula hidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, hupata pa kushika. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaoitetea dawa, na ina ukweli wake, ingawa watafiti wengine wamepata matokeo yanayoonyesha kwamba dawa inaweza kuwarudisha nyuma baadhi ya bakteria haohao. Mjadala huo haujafungwa.

Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 20 hivi za mafuta. Aliye kwenye ndege au boti ya jirani anaweza kuona kwa macho kama kazi inafanyika. Dawa ikishika, wingu la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa hushuka na kutanda chini ya utando. Likionekana wingu jeupe huku mafuta meusi yakiendelea kuelea, dawa imeteleza na kuzama peke yake. Hapo mmeongeza kemikali baharini na mafuta yako palepale. Kupulizia kunatakiwa kusimamishwa papo hapo, na ni haki yenu kuuliza ni nani amepewa mamlaka ya kusema "basi".

Kuna na suala la muda. Mafuta yaliyomwagika huzeeka haraka: sehemu nyepesi huvukiza, yanayobaki hunywa maji ya bahari na kuwa uji mzito wa rangi ya udongo. Baada ya siku moja, mbili au tatu, kutegemea aina ya mafuta na hali ya bahari, dawa haipenyi tena. Kwa hiyo uamuzi hufanywa ndani ya saa chache, usiku au sikukuu, na watu ambao huenda hawajawahi kufika kijijini kwenu. Msichokisema kwenye kikao cha maandalizi, siku hiyo hamtapata nafasi ya kukisema.

Sasa swali la sumu. Dawa hizi zilijiharibia jina huko Cornwall, Uingereza. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipanda mwamba ikiwa na tani karibu 120,000 za mafuta ghafi ya Kuwait. Waingereza wakamwaga takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani, nyingine moja kwa moja juu ya miamba ya pwani. Viyeyushi vya sabuni hizo vilikuwa na hidrokaboni za jamii ya benzini, sumu kali. Konokono wadogo wanaokwangua mwani miambani waliangamia, na miamba iliyokosa mlaji ikavaa mwani wa kijani tupu. Sehemu moja, Godrevy, sabuni haikutumika kwa sababu walihofia sili wanaozaliana hapo. Huko miamba ilirudia hali yake katika miaka 2 au 3, ilhali penye sabuni nyingi ilichukua miaka 10 na kuendelea. Cornwall tiba iliua kuliko maradhi, na wanabiolojia wa Plymouth waliliandika hilo bila kumung'unya maneno.

Dawa za leo zimetengenezwa upya kwa sababu ya aibu ile. Viyeyushi vya benzini vimeondolewa, na zikipimwa zenyewe maabara, nyingi zina sumu ndogo kuliko mafuta ghafi. Mwaka 2010 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipima aina nane kwa kamba wadogo na samaki wadogo wa Ghuba ya Meksiko, na mchanganyiko wa dawa na mafuta haukuonekana kuwa na sumu kubwa kuliko mafuta matupu. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine, uliotumia vijidudu viitwavyo rotifera, ukatangaza kwamba mchanganyiko ule unaweza kuwa na sumu hadi mara 52 ya mafuta peke yake. Namba hiyo ilisambaa, na huenda mtaisikia kwenye kikao kijacho, kwa hiyo nieleze inavyosomwa.

Mafuta matupu kwenye chupa ya maabara huelea. Kijidudu kilicho chini kinaonja kidogo tu. Ukitia dawa, mafuta yanashuka kumfuata. Ukilinganisha kwa kiasi ulichomimina, mchanganyiko unaonekana balaa. Ukilinganisha kwa kiasi kilichoingia ndani ya maji kweli, tofauti hupungua sana. Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani, katika ripoti yao ya 2020, zililalamikia jambo hilo: maabara zimeandaa michanganyiko kwa njia tofauti mno hata matokeo hayalinganiki. Lakini msiichukue hoja hiyo kama kinga. Kwa samaki aliye majini, "mafuta zaidi yameingia" ndiyo habari mbaya yenyewe. Hajali kama kilichomdhuru ni dawa au ni mafuta yaliyoletwa na dawa.

Anayeumia zaidi ni mdogo. Samaki mkubwa huweza kukimbia, na ini lake huvunja hidrokaboni. Yai la samaki haliwezi lolote. Utafiti uliochapishwa 2014 baada ya ajali ya 2010 ya Ghuba ya Meksiko, nitakayoieleza mbele, ulionyesha kwamba mafuta ghafi, hata kwa kiwango kidogo sana, huharibu moyo wa kiinitete cha jodari: mapigo hupotea mpangilio na moyo hukua vibaya. Ongeza jua letu. Baadhi ya hidrokaboni zikishaingia kwenye mwili mwangavu wa kiumbe mdogo, mwanga wa jua huzifanya ziwe na sumu kali zaidi, na maji yetu ni maangavu kuliko ya Cornwall.

Kinachoamua ukubwa wa madhara ni kina na mkondo. Hesabu ni nyepesi. Chukua tani 10 za mafuta zilizotawanywa sawasawa katika eneo la kilomita 1 ya mraba. Zikichanganyika katika mita 10 za maji, unapata gramu 1 ya mafuta kwa kila tani ya maji, na kwenye bahari wazi mkondo utaendelea kuipunguza saa hadi saa. Zikiingia kwenye hori lenye kina cha mita 2, ni gramu 5 kwa tani, na hakuna pa kupungulia: maji yanajaa yanakwenda nazo kwenye mikoko, yanapwa yanarudi nazo. Kwa sababu hiyo Uingereza, nchi inayozitumia dawa hizi kwa wingi, haimruhusu mtu kuzipulizia kwenye kina kisichofika mita 20, au ndani ya maili 1 ya bahari kutoka eneo kama hilo, bila kibali maalumu. Nchi nyingine hutumia mpaka wa mita 10. Ajali ya Sea Empress huko Wales, Februari 1996, hutajwa kama mfano wa matumizi mazuri: mafuta mepesi tani 72,000, bahari yenye mawimbi, ndege zikapulizia tani 446 za dawa upande wa nje, na mafuta mengi hayakufika pwani. Hata hivyo uvuvi ulifungwa, na wa chaza na kome ulichelewa kufunguliwa kuliko wa samaki wa mapezi.

Mfano wa upande wa pili ni Deepwater Horizon, jukwaa la kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Jukwaa hilo lililipuka tarehe 20 Aprili 2010, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima kikavuja kwa siku 87. Dawa iliyotumika ilikuwa lita milioni 7 hivi, na karibu lita milioni 3 kati ya hizo zilidungwa kwenye mdomo wa kisima, kina cha mita 1,500, jambo ambalo halijawahi kufanywa kabla. Matone hayakupanda yote. Sehemu ikabaki kama tabaka la wingu kwenye kina cha mita 1,000 hadi 1,200, na kiungo kimoja cha dawa kilipimwa humo zaidi ya miezi miwili baadaye kikiwa bado hakijavunjika. Mabaki ya viumbe, ute wa bakteria na chembe za tope vilishikamana na mafuta vikashuka polepole hadi sakafuni, na mwishoni mwa mwaka ule matumbawe ya kina kirefu, kilomita 11 kutoka kisimani, yalikutwa yamefunikwa na uchafu wa rangi ya kahawia. Wapo wanaosema dawa ya chini ya bahari iliwaokoa wafanyakazi wa juu kwa kupunguza mvuke wenye sumu. Wapo wanaosema presha ya kisima ingeyakata mafuta hata bila dawa. Mimi naona hoja ya mvuke ina uzito, lakini kuita lita milioni 3 za majaribio "mafanikio" ni kuwahi mno.

Jaribio ninalolitegemea zaidi kwa pwani ya aina yenu lilifanyika Panama. Mwaka 1984, katika ghuba ya Almirante, watafiti walichagua vipande vya pwani vyenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe kwa pamoja. Kipande kimoja walikizungushia maboya wakamwaga mafuta ghafi matupu. Cha pili wakaweka mafuta yaliyochanganywa na dawa, na cha tatu wakakiacha kwa kulinganishia. Kisha wakawa wanarudi kupima kwa zaidi ya miaka 25. Penye mafuta matupu, matumbawe yaliguswa kidogo, lakini mikoko ilikufa na kuendelea kufa kwa miaka, kwa sababu mafuta yalijichimbia kwenye tope na kurudi juu kidogokidogo. Penye dawa, mikoko ilisalimika, ila matumbawe na wanyama wa kwenye nyasi bahari walipigwa vibaya mwanzoni, na ilichukua hadi miaka 10 kwa sehemu kubwa kurudi.

Ukisoma jaribio hilo haraka unasema: basi, pulizia, mikoko ni muhimu zaidi. Kweli mchu na mlilana hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochungulia topeni, na mafuta mazito yakivipaka, mti unakosa hewa. Mombasa wanalijua hilo tangu mafuta yalipoua mikoko ya hori la Makupa mwaka 1988. Lakini miamba ya Panama ya 1984 haikuwa imepitia joto tulilopitia sisi mwaka 1998 na tena 2016, matumbawe yalipogeuka meupe. Tumbawe lililochoka haliponi kwa kasi ileile, na inajulikana kuwa mafuta yaliyotawanywa huwazuia watoto wa matumbawe kujishikiza mwambani. Ahadi ya miaka 10 mimi nisingeiweka mezani Tanga.

Kwa hiyo maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza waziwazi. Nje kwenye mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, ambako kina kinashuka haraka hadi mamia ya mita na mkondo unakwenda kaskazini kwa nguvu, hasa wakati wa kusi, ningekubali dawa itumike kwa mafuta ghafi mepesi au ya kati, mapema, ikiwa utando unaelekea kwenye mikoko au fukwe wanakotaga kasa. Ndani ya ghuba, juu ya miamba, kwenye nyasi bahari, karibu na mashamba ya mwani na kwenye milango ya mito, ningekataa. Sigi na Pangani hushusha tope wakati wa masika, na tope hulishika tone la mafuta na kulizamisha, kwa hiyo ahadi kwamba "mkondo utayachukua" haifanyi kazi hapo. Mpaka wa eneo la kukataa uchorwe kwenye ramani pamoja nanyi, mkitaja dago (kambi za wavuvi) na miamba kwa majina mnayoyatumia wenyewe. Na kwa kuwa mkondo hausimami mpakani, Vanga na Shimoni, upande wa Kenya, nao wanapaswa kujua kilichoamuliwa Tanga.

Liko jambo lingine ambalo nashangaa halikutajwa kwenye kikao chenu. Mafuta ya Uganda yanayokuja Chongoleani, hapa Tanga, ni mafuta yenye nta nyingi. Bomba lake la kilomita 1,443 limebuniwa lipashwe moto, yabaki juu ya nyuzi 50, kwa sababu huanza kuganda yakifika karibu nyuzi 40. Bahari ya Tanga ni kati ya nyuzi 25 na 30. Kanuni wanayotumia watu wa kazi hii ni kwamba, kiwango cha kuganda kikizidi joto la bahari kwa nyuzi 10 hadi 15, dawa haifai kitu. Mafuta hayo yakimwagika yatapoa na kuwa mabonge ya nta, na dawa itateleza juu yake. Mabonge hukusanywa kwa nyavu, makoleo na mikono yenye glavu, na hiyo inahitaji maboya, boti na watu waliofunzwa, yaani ninyi. Ombeni muonyeshwe jaribio lenyewe: chupa ya kioo, maji ya bahari ya Tanga, matone ya mafuta yaleyale, dawa ileile wanayokusudia kuitumia, itikiswe mbele yenu. Ni kazi ya dakika chache. Meli zinazopita au kutia nanga zina pia mafuta yao ya injini, mazito, ambayo nayo ni magumu kutawanya. Mauritius mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipovuja takriban tani 1,000 kwenye mwamba wa matumbawe, wananchi waliyazuia kwa maboya waliyoyashona wenyewe wakijaza majani ya miwa.

Kuhusu silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) wa hifadhi yenu, mafuta yaliyotawanywa kwa kupuliziwa juu kwa kawaida hubaki katika mita 10 za juu au kushuka kidogo zaidi, na silikanti hukaa chini zaidi ya hapo. Hatari kwake ni ile ya mabaki yanayoshuka na tope. Ulizeni kama mpango una kipengele cha kupima sakafu ya bahari, maana wengi hupima maji ya juu na kufunga daftari.

Samaki wataliwa lini tena? Isitegemee pua ya mtu mmoja sokoni. Samaki wa mapezi hujisafisha kwa wiki kadhaa maji yakishakuwa safi, lakini chaza na kome wana uwezo mdogo zaidi na hubeba mafuta kwa muda mrefu. Madema yaliyokuwa majini yatolewe yasitumike mpaka yapimwe. Na anzeni leo kuandika mavuno ya kila siku kwa kilo na kwa aina, pamoja na mwani. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mfuko wa kimataifa wa 1992 wa fidia ya uchafuzi wa mafuta kutoka meli za kubeba mafuta, na mfuko huo hulipa kwa ushahidi. Mvuvi asiye na kumbukumbu za kabla ya ajali ana kazi ngumu kuthibitisha alichopoteza. Siku ya kupulizia, vyombo vyote viondoke eneo hilo na viwe upande unakotoka upepo; moja ya dawa zilizotumika Ghuba ya Meksiko ina kiyeyushi kinachoweza kuvunja chembe nyekundu za damu mtu akikipata kwa wingi.

Nimalizie na sabuni ya unga: hapana, waacheni. Wanachofanya vijana ni dawa ileile, ila bila kipimo, kwenye maji yasiyofika kiunoni, pale wanapokulia samaki wadogo. Rangi ya mafuta inapotea na kila mtu anaridhika, huku sabuni ikiumiza mashavu ya samaki. Dizeli kidogo iliyomwagika inyonywe na matambara au makumbi makavu ya nazi, viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na kupelekwa kwa mafundi wanaokusanya oili chafu, visichomwe ufukweni. Maji ya ngamani (yanayotuama chini ya boti) yenye oili nayo yaingie kwenye dumu. Petroli msiikusanye kabisa, kwani inavukiza yenyewe kwa saa chache na hatari yake kubwa ni moto. Zimeni injini, pasiwe na sigara wala jiko, na boti isogezwe upande unakotoka upepo mpaka harufu iishe.